Moyo kupapatika: ni wasiwasi au ni maradhi?

Hili la moyo kupapatika n'naulizwa sana, maana watu wanajua nimekaa nalo muda, basi leo nalieleza lote hapa.

Kwangu mie huja zaidi usiku, nshalala ubavu wa kushoto, nyumba kimya, feni tu inazunguka, mara moyo unaruka pigo moja halafu unapiga zito mpaka nalisikia kooni. Siku nyengine unatapatapa tu kama samaki katiwa kapuni. Na kinachofata ndo kibaya zaidi, ile fikra ya kuwa ndo nakufa, maana ikishaingia hiyo moyo unazidi kwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi fupi, viganja vinapoa, vidole vinafanya ganzi.

Lile pigo linaloruka kumbe ni pigo limekuja kabla ya wakati wake, moyo ukasita kidogo, ukajaa damu zaidi, ndo maana la pili linakuwa zito. Watu wengi tu wazima wa afya wanalo ila hawalisikii. Sasa mtu mwenye wasiwasi mwili wake unamwaga adrenalini, homoni ya kumtayarisha akimbie hatari, moyo unaongeza kasi, na yeye akili yote iko kifuani, kila pigo analihesabu. Hofu inaleta mapigo, mapigo yanaleta hofu, mpaka alfajiri.

Lakini jamani msijiambie "ah wasiwasi tu" hamjapimwa! Damu kupungua, hasa sie wanawake, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, homa, kukosa maji, hata ile dawa ya pumu ya kuvuta, vyote vinaupeleka moyo mbio. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni dakika chache, unalala, wanakubandika waya kifuani na mikononi na miguuni, haiumi hata kidogo, na damu wakutazame pia. Ama ukizimia, au kifua kinabana, au pumzi inakata, au moyo unachachamaa ukiwa kwenye kazi nzito, au kwenu kuna kijana alianguka akafa ghafla, hapo usingoje kuche. Na mlioko Pemba msingoje boti ya Unguja, anzeni hapo hapo hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee Mkoani.

Watakuja wa kukwambia una jini. Mie kisomo nasomewa na kinanituliza sana, simkatazi mtu, ila hospitali nenda vilevile.

Ukishaambiwa moyo mzima, sasa tazama maisha yako. Kahawa ya barazani ile vikombe vidogo mtu haoni kama anakunywa, mazungumzo yakikolea keshamaliza vinne vitano, na vijana na hizo enaji ndo kabisa. Ramadhani mie ndo hunizidi, maana maji kidogo, baada ya tarawehe kahawa, kulala masaa mawili matatu tu halafu daku, kwa hiyo siku hizi nikishafuturu natanguliza maji na kahawa naiwacha.

Ukianza kupapatika, kaa, vuta pumzi puani hesabu nne, itoe mdomoni polepole hesabu sita, endelea hivo. Ile hofu kubwa mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika kama 10 halafu inashuka yenyewe. Hesabu mapigo mkononi sekunde 30, zidisha mara mbili, ukiwa umetulia mtu mzima huwa 60 mpaka 100 kwa dakika. Hesabu mara moja tu, kule kujishika mkono kila baada ya dakika mbili kunamwagia moto petroli. Andika saa, ulikuwa unafanya nini, umekunywa nini, imechukua muda gani.

Karatasi hiyo mpelekee daktari, na kama mambo hayaishi muulize kuhusu kile kipimo cha moyo unachovaa masaa 24. Na ukiwa umekaa mbele yake mwambie na lile ulilolificha rohoni, deni, ndoa, mgonjwa unaemuuguza nyumbani, mwambie lote, kwa sababu na hilo lina tiba yake.