Kutoka KIA hadi uwanja wa Arusha: saa mbili ni chache

Dada, umeuliza kama saa mbili zinatosha kutua KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) kwa ndege ya kutoka Dar, kisha kuwahi ndege ndogo ya Seronera, kule Serengeti, inayoruka uwanja wa Arusha, ukiwa na mama mzazi. Kwa kweli hazitoshi.

Sisi wa Dar tukisikia kubadilisha ndege tunawaza kutoka terminali moja kwenda nyingine palepale Kipawa, uwanja wa Dar. Kule ni viwanja viwili tofauti kabisa. KIA iko kati ya Moshi na Arusha. Uwanja wa Arusha uko Kisongo, ng'ambo ya pili ya mji, barabara ya Dodoma. Ni kilomita hamsini na ushee. Njia ikiwa nyeupe utatumia saa moja na kidogo, lakini malori, Tengeru siku ya soko na foleni za mjini zinaweza kukufikisha saa moja na nusu au zaidi. Mwombe dereva apite baipasi ya kusini kuanzia Usa River, mkwepe katikati ya mji.

Hapo bado hujasubiri mabegi. Ukitua saa tatu asubuhi, chukua ndege ya saa saba mchana. Mama atapata nafasi ya kula na kunyoosha miguu.

Ila mimi ningeanza kutafuta ndege ya Dar inayotua Arusha moja kwa moja. Zipo, na safari yote ya barabara inafutika. Mabegi yawe laini: ndege ndogo za Seronera kwa kawaida hukubali kilo 15 tu kwa abiria.