Nywele zinanyonyoka kwa mabaka, na usingizi umepotea

Pole sana, dada. Umesema nywele zako zinanyonyoka kwa mabaka, daktari ameiita hali hiyo alopesia areata, na sasa hulali wala hutaki kuonana na watu. Usijilaumu kwamba umeyaleta kwa kuwaza. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia mashina ya nywele. Ila sonona na wasiwasi huandamana nayo mara nyingi, nami vilinitesa kuliko upara wenyewe. Mashina hayafi, kwa hiyo nywele zaweza kurudi, hata bila dawa. Muulize daktari wa ngozi kuhusu sindano za steroidi (dawa ya kutuliza kinga hiyo ya mwili), na habari ya usingizi umweleze pia, usione haya. (Mafuta ya miujiza achana nayo, mimi yalinilia hela tu.) Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako.