Siku nne bila warfarini, "lakini yuko fiti"

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 24. Mwaka juzi aliwekewa valvu ya chuma moyoni, ile ya mitrali (upande wa kushoto wa moyo). Wiki hii muuza dawa za asili kamwambia warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, ni sumu ya panya, kampa unga wa kitunguu saumu na tangawizi. Ana siku nne hajagusa vidonge na anasema yuko fiti. Akirudia, ameze vya siku zote kufidia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Asifidie, na asingoje tarehe ya kliniki. Aende leo apimwe INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa valvu yake kwa kawaida tunataka 2.5 hadi 3.5, asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Warfarini huchukua siku kadhaa kushika tena, hivyo huenda akachomwa kwanza heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda. Kama ule mlio wa tik-tik wa valvu aliouzoea usiku umefifia, anahema, au mkono umelegea, hiyo ni dharura.

Sasa huyo wa unga. Kinachonikera ni kwamba kuhusu panya hakudanganya: warfarini iliingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu Marekani mwaka 1954. Panya hapimwi damu, mdogo wako anapimwa. Tena chimbuko lake ni majani! Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walivuja damu hadi kufa kwa kula majani makavu yaliyoota ukungu, na kemikali iliyokutwa humo ndiyo iliyozaa warfarini. Anayetaka mitishamba ameshapewa, iliyopimwa kwa miligramu. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno, ila unga wa kijiko kwa kijiko hakuna ajuaye unafanya nini: peke yake haulindi chuma, na ukichanganywa na warfarini unaweza kumvujisha damu.

Hilo la "yuko fiti" nalisikia kila wiki. Kuhema kuliondolewa na upasuaji. Warfarini haikuwa ya kumpa nguvu, inazuia damu isigande kwenye chuma, na damu ikianza kuganda hapo haiumi. Habari huja kwa kiharusi, au valvu inakwama.

Wagonjwa wa presha nao ni hivyohivyo. Amlodipini, kidonge cha presha, hubaki mwilini siku kadhaa. Mtu anaacha kidonge Jumatatu, anaanza unga, Jumatano anapima presha iko sawa, anampigia simu muuzaji kumshukuru. Kazi ya kidonge, sifa za unga! Presha inapanda taratibu siku zinazofuata, wakati huo hapimi tena kwa kuwa "amepona". Wenye moyo uliopanuka huacha vidonge miguu ikishapungua kuvimba, wakidhani uvimbe umeondoka wenyewe.

Huo unga aende nao kliniki, asiufiche. Wengi huficha, tukabaki kubadilisha dozi ya warfarini bila kujua INR inayumbishwa na nini.