Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza: Kozi Inayoonekana Rahisi Mpaka Matokeo Yatoke

Kila mwaka wapo wanaojiandikisha kozi ya utangulizi wa saikolojia wakidhani ni ya kujazia ratiba. Mambo yenyewe si wanayajua? Ndoto, hasira, malezi, kusahau. Kwenye mtihani wanajaza kurasa sita za busara za mtaani, kisha wanashangaa kupata alama 8 kati ya 25. Hawajaonewa. Swali lilitaka nadharia na ushahidi wake, wao wakatoa maoni.

Anza na sura ambayo wengi huiruka: mbinu za utafiti. Haina utamu, lakini sura zote zinazofuata zinaitegemea. Ukisomewa maelezo ya jaribio lolote, uweze kusema papo hapo kigeu huru ni kipi, yaani kile mtafiti alichokibadilisha, na kigeu tegemezi ni kipi, yaani kile alichokipima.

Chukua jaribio la Loftus na Palmer la mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Swali lilikuwa lilelile ila kitenzi kimoja: wengine waliulizwa kuhusu magari “yaliyopondana”, wengine “yaliyogusana”. Wa kwanza walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, wa pili karibu 32. Kigeu huru ni kitenzi. Kigeu tegemezi ni kasi waliyokadiria. Udhaifu nao uandike: hao ni wanafunzi waliokaa wakitazama filamu, si abiria aliyeona boda boda ikigongwa mbele yake kwenye barabara ya Jinja hapa Kampala.

Kila utafiti uandike hivyo kwenye daftari: nani na mwaka gani, alifanya nini, alipima nini, alipata nini, unapingwa kwa lipi. Nusu ukurasa inatosha. Ukiwa na tafiti ishirini za namna hiyo, maswali mengi ya insha unaweza kuyajibu bila kubabaisha.

Katika sura hiyohiyo, jihadhari na uwiano, yaani vitu viwili kupanda au kushuka pamoja. Ukiambiwa wanaolala kidogo hupata alama ndogo, usikimbilie kuandika kwamba kukosa usingizi kumeshusha alama. Huenda ni wale wanaofanya kazi usiku ili walipe ada, na kazi ndiyo inayokula usingizi na muda wa kusoma kwa pamoja.

Sura ya kujifunza ndiyo inayoangusha wengi, na kosa ni lilelile kila mara: kudhani uimarishaji hasi ni adhabu. Sivyo. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, huongeza tabia, adhabu huipunguza. Chanya maana yake kitu kimeongezwa, hasi maana yake kitu kimeondolewa. Tazama mama yuko dukani, mtoto analilia pipi, mama ananunua, kilio kinakatika. Mtoto amepata pipi, kwa hiyo kesho atalia tena: huo ni uimarishaji chanya wa kulia. Mama ameondolewa kelele, kwa hiyo kesho atanunua tena: huo ni uimarishaji hasi wa kununua. Tukio moja, watu wawili, majibu mawili. Kabla hujajibu swali la aina hii jiulize ni tabia ya nani inayozungumziwa, na je, itaongezeka au itapungua? Vijana wanaoshinda kwenye vibanda vya kubeti mpira ni mfano mzuri wa zawadi isiyotabirika, na ukimtaja Skinner, mwanasaikolojia aliyetafiti jinsi zawadi zinavyojenga tabia, mfano unakuwa na uzito.

Mifano ya nyumbani inaruhusiwa, tena inapendeza, mradi isimame juu ya nadharia. Kwenye sura ya makuzi usikose kumtaja Mary Ainsworth, mtafiti wa mshikamano wa mtoto na mama yake. Kabla ya jaribio lake maarufu la Baltimore, Marekani, alikuwa hapa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala na kutazama watoto wachanga na mama zao. Ni ajabu kumwona mwanafunzi wa Kampala akieleza Baltimore tu.

Sasa usomaji wenyewe. Kusoma fotokopi za mtaa wa Wandegeya mara nne huku ukipaka rangi ya njano kunakupa hisia ya kujua, si kujua. Kozi yenyewe itakufundisha sababu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima kwa kuandika walichokumbuka ndio waliowapita. Kwa hiyo funga daftari, andika ulichobaki nacho kichwani, kisha fungua urekebishe. Fanya hivyo jioni ya mhadhara, kisha baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki. Mweleze mwenzako wa hosteli kwa Kiswahili mpaka aelewe, halafu andika jibu kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza.

Sura ya ubongo na neva ianze mapema. Ni michoro na majina tupu, na haikubali kukesha usiku mmoja.

Kwenye karatasi ya saa tatu inayodai majibu manne, kila jibu lina dakika 45. Tumia tano kupanga. Fafanua istilahi, taja nadharia, toa ushahidi, toa ukosoaji, ndipo ulete mfano wa hapa. Anayeandika saa nzima kuhusu mwananadharia Freud kwa sababu anampenda, jibu la nne analiacha jeupe.

Mkifika kwenye magonjwa ya akili, karibu kila mtu darasani hujiona ana mawili au matatu. Usimpachike ugonjwa shangazi yako, wala usijipachike wewe: dalili huhesabiwa pamoja na muda zilivyodumu na jinsi zinavyovuruga maisha, na kozi ya muhula mmoja haikupi leseni hiyo. Lakini kama hulali, huli, au umeacha kuhudhuria masomo kwa wiki kadhaa, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo usingoje mtihani upite.