Kuandika maelezo ya aliyeonewa: uanzie wapi

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza mtu asiye mwanasheria anawezaje kutetea haki za watu mtaani kwake bila kuwaponza. Anza na daftari, kamera iache kwanza. Mama akikujia na habari ya mwanawe aliyekamatwa, muulize siku, saa, mahali na mavazi ya waliomchukua, kisha utenganishe aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa jirani, kwa maana maelezo yanayochanganya hayo mawili huporomoka kwa swali moja tu. Saa isikosekane: ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na bila saa ya kukamatwa huna pa kuanzia hesabu. Ikiwa aliteswa, sheria ya mwaka 2012 inayokataza utesaji inamruhusu hata asiye mwathirika kupeleka malalamiko polisi au kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda.

Ridhaa ndiyo inayotushinda wengi. Niliwahi kumpiga picha mzee mmoja mwenye jeraha mkononi; aliitikia kwa kichwa, nami nikaona hiyo ni ruhusa, kumbe alidhani picha inakwenda kwa daktari. Aibu ile sijaisahau. Siku hizi humweleza mtu ni nani atakayeiona, humsomea maelezo yake kwa lugha anayoielewa, na akibadili nia, hata baada ya wiki mbili, huifuta mbele yake.