Utenzi wa Harriet Tubman kwa watoto: "mia tatu" inaingia vizuri kwenye mizani, tatizo si kweli

Mkuu, umeuliza namna ya kumwandika Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani aliyetoroka utumwani kisha akarudi kuwatoa wengine, kwa mashairi katika kitabu cha picha cha watoto wa miaka 6 hadi 9, na unasema tayari una beti 60 za tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa kila ubeti. Jibu ni refu, vumilia.

Tarbia iweke kando. Mshororo wa mizani (silabi) 16 unaula ukurasa wenye picha, na mtoto akifika kwenye kina (silabi inayorudiwa) cha mwisho, cha kati ameshakisahau. Kisa cha maisha ya mtu ni kazi ya utenzi: mizani 8, mishororo minne, mitatu ya kwanza kina kimoja, wa nne unabeba bahari, yaani kina kisichobadilika, mpaka mwisho wa kitabu. Sasa piga hesabu. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu ya namna karatasi kubwa ya matbaa inavyokunjwa. Kurasa 1 hadi 3 ni za jina la kitabu na haki za kunakili, wa 32 ni wa maelezo. Zinabaki 28, yaani jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Beti mbili kwa kila jozi ni beti 28, maneno 300 hadi 400 tu. Beti zako 60 haziingii hata ukizisukuma. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati, zibane pini, kisha uandike humo kwa penseli. Hapo ndipo utaona ubeti upi unarudia kitu ambacho picha imeshakisema.

Kwa hiyo usianze alipozaliwa umalizie alipokufa mwaka 1913. Chagua kipande. Kutoroka kwake 1849 kunatosha kitabu kizima. Mto Combahee 1863, watumwa walipokimbilia meli za jeshi, pia unatosha.

Sasa kwenye ugomvi wenyewe, kina dhidi ya ukweli. Utasoma kila mahali kwamba alifunga safari 19 akatoa utumwani watu 300. Takwimu hizo zilienea kupitia kitabu cha Sarah Bradford cha miaka ya 1860. Watafiti waliochambua kumbukumbu wamefikia safari kama 13 na watu kama 70. Mshairi anaipenda "mia tatu" kwa sababu ni mizani minne kamili, nusu ya mshororo. Ikatae. "Sabini" inakubali bahari ya -ni bila kulazimishwa:

Safari kumi na tatu
Akipita kwa misitu
Akatoa wake watu
Nao ni kama sabini

Lile neno "kama" usilitoe ili upate nafasi. Ndilo linalolinda ukweli wa ubeti.

Majina ya kigeni nayo yanasumbua. "Harriet" wengine watasoma silabi tatu, wengine nne, na mizani itayumba mdomoni mwa mwalimu. Bahati nzuri alizaliwa Araminta Ross, nyumbani wakimwita Minty. Araminta ni a-ra-mi-nta, mizani minne safi, ila liweke mwanzoni mwa mshororo: "Araminta ndilo jina". Ukiliweka mwishoni utatafuta kina cha -nta hadi uchoke, maana zaidi ya nta ya nyuki hakuna kingi. Kumbuka pia m ya "mtoto" inahesabiwa peke yake (m-to-to), lakini ya "mbali" haihesabiwi (mba-li). Hapo ndipo beti nyingi za wanaoanza zinavunjika. Na inkisari, yaani neno lililofupishwa ili mizani itoshe, kama "alopewa", isizidi moja kwa ubeti. Mtoto wa darasa la pili bado anajifunza "aliyepewa".

Neno "mtumwa" lipime. Mtoto anayetumwa dukani kila jioni hatashangaa kusikia mtu fulani alikuwa mtumwa. Katika beti za mwanzo sema wazi: watu waliuzwa na kununuliwa, walifanya kazi bila ujira, hawakuruhusiwa kuondoka. Ukishaeleza, litumie. Na kwa msomaji wa pwani yetu ongeza sentensi moja kwenye ukurasa wa 32 kwamba hapa ni Maryland, Marekani, si soko la Zanzibar lililofungwa 1873. Watachanganya, hakika.

Tena njia aliyotumia, inayoitwa kwa Kiingereza Underground Railroad, usiitafsiri "reli ya chini ya ardhi". Mchoraji atakuchorea treni na handaki. Haikuwa reli, ilikuwa mtandao wa watu na nyumba za kujificha, wenyewe wakisema kwa mafumbo "stesheni" na "makondakta". "Njia ya siri" inatosha.

Mchoraji mpe ushahidi, asikisie. Lipo tangazo la Oktoba 1849 la kumtafuta Minty na kaka zake wawili. Linasema ana umri wa miaka 27 hivi na kimo cha futi 5, yaani sentimita 152. Wachoraji wengi hunakili picha zake za uzeeni, halafu mtoto anaona bibi kizee akitoroka. Mwanamke aliyetembea usiku kuelekea Pennsylvania alikuwa kijana mfupi. Safari nyingi alizifanya msimu wa baridi, usiku ukiwa mrefu, kwa hiyo miti ya kijani kibichi nayo ifutwe.

Jeraha la kichwa usilifiche. Akiwa bado binti alipigwa na kipande cha chuma cha uzito wa ratili mbili alichorushiwa mwingine, na baada ya hapo alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla maisha yote. Ubeti mmoja, bila damu, kisha mwonyeshe amelala njiani na wenzake wakimsubiri. Ukiliruka, safari zinaonekana rahisi kuliko zilivyokuwa.

Maneno ya mdomoni mwake usiyatunge. Ile kauli ya "ningewaokoa elfu zaidi kama wangejua ni watumwa" haina chanzo, ijapokuwa imejaa kwenye fulana na mabango. Utenzi unakuruhusu kusimulia kwa nafsi ya tatu mwanzo mwisho, na hilo linakuepusha na kishawishi.

Ukichagua Combahee, 2 Juni 1863, una kitu ambacho watoto watakidai kila usiku. Watumwa zaidi ya 700 walikimbilia meli za jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani), na Tubman mwenyewe alisimulia baadaye: mwanamke na chungu cha wali kichwani, bado kinafuka moshi, nguruwe ndani ya magunia. Nguruwe wawili, mweupe na mweusi, waliwapa majina ya jenerali na rais wa maadui, Beauregard na Jeff Davis. Mpe jozi nzima ya kurasa huyo mama wa chungu, na ubeti mmoja tu badala ya mbili. Majina ya nguruwe yapeleke ukurasa wa 32, maana Beauregard hakuna mizani itakayombeba.