Miguu sita si lazima awe mdudu: usimwage vichupa vyako!

Mkuu, simamisha hiyo kazi kwanza. Nimesoma uzi wako na moyo ukanipiga paa. Unasema umekusanya wanyama wadogo kutoka kwenye majani yaliyooza, umewatia kwenye spiriti, na sasa unataka kuwapanga kwa jedwali hili: miguu sita ni wadudu, minane ni jamii ya buibui, kumi ni jamii ya kaa, na zaidi ya hapo ni tandu na jongoo. Unauliza kama jedwali linatosha, na kama kweli nyungunyungu ndiye ndugu wa karibu wa arithropodi, yaani wanyama wenye gamba gumu la nje na miguu yenye viungo, kama hao wote wa kwenye jedwali. Kilichonitisha ni mstari wa mwisho kabisa, kwamba ukishahesabu utawamwaga wa kundi moja kwenye chupa moja kubwa ili vichupa vitumike tena.

Usimwage. Nakuomba sana, usimwage.

Mimi nilimwaga. Nilikuwa na sehemu 40 za kukusanyia, kila moja na kichupa chake na kikaratasi cha penseli ndani. Nilitaka kujua ni sehemu zipi zina wadudu wengi na zipi hazina. Jedwali nililotumia ni hilo hilo lako. Nilipewa na mtu aliyekuwa akinisimamia, mwenye miaka mingi kazini, akaniambia miguu haidanganyi, hesabu, andika, songa mbele. Nikahesabu mchana na usiku. Kila nilipomaliza kichupa, wenye miguu sita niliwamimina kwenye chupa niliyoiandika "wadudu", nikaosha kichupa na kukirudisha kazini.

Siku chache kabla ya kukabidhi kazi, mwenzangu wa maabara akaja kutazama kwenye hadubini yangu. Kwenye kisahani kulikuwa na kiumbe kidogo kuliko kichwa cha pini, rangi ya majani makavu, mwili kama tone la maji, miguu sita. Alikitazama kimya, akakigeuza chali kwa ncha ya sindano, akauliza: "Vipapasio viko wapi?" Nikamjibu vitakuwa vimekatika kwenye spiriti. "Na kichwa nacho kimekatika?"

Nikainama kutazama upya. Kichwa hakikuwepo. Mwili wote ulikuwa kipande kimoja, hauna shingo wala kiuno. Mbele palikuwa na vikoleo viwili vidogo, na pembeni yake jozi ya viungo vifupi. Vile vikoleo ni kelisera, na vile viungo ni pedipalpi. Yule hakuwa mdudu hata kidogo. Alikuwa mtoto wa utitiri, ukoo mmoja na kupe, buibui na nge.

Sikiliza hili vizuri, maana hukuliweka kwenye jedwali lako na mimi hakuna aliyeniambia: kupe na utitiri huanguliwa wakiwa na miguu SITA. Jozi ya nne huipata baadaye, wakijiambua na kuingia hatua inayofuata. Jongoo nao wengi hutoka kwenye yai wakiwa na jozi tatu tu za miguu, kisha kila wakijiambua wanaongeza pingili na miguu. Na majani yaliyooza ndiyo makazi ya hao wote. Utitiri humo wamejaa kupita maelezo! Kwa hiyo chupa yangu ya "wadudu" ilikuwa na wadudu, na watoto wa utitiri, na watoto wa jongoo, wote wameogelea pamoja.

Kuwachambua upya ningeweza. Lakini huyu alitoka sehemu ya 7 au ya 31? Vikaratasi 40 vilikuwa vimepangwa mezani, vizuri kabisa, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukirudisha kwa mwenyewe. Miezi minne ya kukusanya ikapotea. Nikamfuata aliyenipa jedwali, akaniambia hayo ni makosa madogo, nitaje tu kwenye maelezo. Madogo! Mtu anayefundisha wengine kazi hii anajua, au anapaswa kujua, kwamba mnyama ana utoto. Anakupa kanuni inayomfaa mnyama mzima peke yake, kisha anakuhimiza uharibu ushahidi. Miaka imepita na bado nikikumbuka nakasirika.

Basi kanuni yangu ni hii, nayo nimeinunua ghali: ANZA KICHWANI, MIGUU IWE YA MWISHO. Mgeuze chali, tafuta mdomo, tazama kuna nini mbele yake na pembeni yake. Hana vipapasio na ana kelisera? Huyo ni wa jamii ya buibui, nge, kupe na utitiri, awe na miguu sita au minane. Jozi moja ya vipapasio? Ni mdudu au jamaa zake wa miguu sita, au ni tandu au jongoo, na hapo sasa mwili ndio utakaoamua: kichwa, kifua na tumbo, au kichwa na msururu wa pingili zinazofanana. Jozi mbili? Gegereka, yaani ukoo wa kaa na kamba.

Gegereka wa kwenye majani atakusumbua. Ni yule wa kijivu anayejikunja kama kidonge akiguswa. Ana jozi saba za miguu, kwa hiyo jedwali lako lingemtupa kwa tandu. Kati ya jozi zake mbili za vipapasio, moja ni ndogo mno, hutaiona kwa haraka. Kuza picha, tulia, utaipata.

Tena usikubali kila kirefu kilicho mbele kuwa kipapasio. Kuna buibui wanaojifanya sisimizi, wananyanyua miguu ya mbele na kuichezesha hewani kama vipapasio. Kuna jamaa wengine wa buibui, bapa, ambao miguu yao ya mbele ni mirefu na myembamba kama mjeledi, nao hupapasia hiyo hiyo. Fuata kiungo mpaka kinapoota. Kipapasio cha kweli huota kichwani. Hivyo vya uongo utavikuta kwenye safu moja na miguu mingine. Na usiangalie vipapasio peke yake: wapo protura, wadogo sana, weupe, miguu sita, hawana vipapasio kabisa, lakini kichwa wanacho na kelisera hawana. Ndiyo maana nasisitiza kichwa chote.

Hili la watoto kuwa na ushahidi ambao wakubwa wanauficha si geni. Wale viumbe wenye magamba meupe wanaonata kwenye miamba ya bahari na chini ya meli walihesabiwa kuwa jamii ya konokono na chaza, mpaka mwaka 1830 John Vaughan Thompson, mtafiti wa viumbe vya bahari, alipoonyesha kwamba lava wao, yaani watoto wao, ni gegereka. Wakubwa wao ukiwatazama kwa nje tu huwezi hata kubuni.

Kuhusu nyungunyungu: hapana. Vitabu vya zamani viliwaunganisha kwa sababu wote wana pingili. Mwaka 1997 uchunguzi wa vinasaba uliwaweka arithropodi pamoja na wanyama wanaojiambua, hata minyoo ya duara imo, na nyungunyungu hajiambui. Ndugu wa karibu ni onikofora, yule mwenye ngozi kama mahameli na vimiguu laini visivyo na viungo, na tadigrada, kinyama kidogo ambacho kwa kawaida hakifiki milimita moja. Tadigrada ana miguu minane. Jedwali lako lingemwita buibui, umeona? Na wadudu wenyewe wamechipuka ndani ya ukoo wa gegereka, kwa hiyo hata ule mpaka wa sita na kumi si mpaka wa ukoo.

Vichupa viache vilivyo. Kama havitoshi, tafuta vingine, azima, punguza sehemu za kukusanyia, lakini kila mnyama abaki na kikaratasi chake mpaka kazi ikubaliwe.

Halafu ile picha ya tatu uliyoweka, uliyoiandika "mdudu mdogo, miguu 6": mimi sioni kichwa pale. Mgeuze chali, piga picha ya mdomo kwa karibu, uiweke hapa leo kabla hujagusa kichupa kingine.